Je, ni kweli askari wa Roma walilipwa chumvi?

KILA mwisho wa mwezi unapokaribia, hapakosi mwandishi wa kutukumbusha kwamba askari wa Roma ya kale walilipwa chumvi, na kwamba ndiko lilikotoka neno la Kiingereza 'salary'. Taarifa za namna hii zimepita mezani pangu mara zisizohesabika. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili haina shahidi.

'Salary' liliingia katika Kiingereza kwenye Karne za Kati kupitia Kifaransa, asili yake ikiwa 'salarium' la Kilatini, yaani malipo au posho. Ndani ya 'salarium' mna 'sal', chumvi. Wanaisimu hawakomei hapo. Wakililinganisha 'sal' na 'hals' la Kigiriki, 'sol' la Kirusi na 'halen' la Kiwelshi, huunda upya shina *sal- la lugha mame ya Kihindi-Ulaya, ambayo haikuacha maandishi yoyote. Kinyota kilicho mbele ya shina hilo ni ungamo kwamba limekisiwa kwa kanuni, halikusomwa popote. Ndivyo pia 'munyu' letu linavyolinganishwa na 'omunnyo' la Kiganda ili kupata shina la Kibantu.

Ajabu ni kwamba 'salt' na 'salary' ni ndugu, ila hakuna aliyemzaa mwenzake. 'Salt' lilishuka kupitia ukoo wa lugha za Kijerumani. Wanaotoka upande wa Kilatini pamoja na 'salary' ni 'sauce', 'salad' na 'sausage', vyakula vyote vilivyotiwa chumvi.

Sasa turudi kwa askari. Ujira wake uliitwa 'stipendium' na ulilipwa kwa sarafu. Pliny Mkubwa, aliyefariki mwaka wa 79 Baada ya Kristo, analihusisha neno 'salarium' na chumvi, tena anataja heshima na utumishi wa vita. Lakini hasemi popote kwamba askari alikabidhiwa chumvi badala ya fedha. Wanaodai kuwa 'salarium' ilikuwa posho ya kununulia chumvi nao wanakisia tu. Hata 'soldier', ambalo wengine hulitia katika chungu hicho hicho, limetokana na 'solidus', sarafu ya dhahabu.

'Mshahara' letu halina utata huo. Limetoka kwa Waarabu, ambao mwezi huuita 'shahr'. Mshahara ni malipo ya kila mwezi. Mwandishi anayetafuta kisa cha kupambia makala ya mwisho wa mwezi angeanzia hapo.