Kim Noble na nafsi zaidi ya 20

Ukizikuta picha za Kim Noble zimetundikwa ukuta mmoja, utadhani ni maonyesho ya kikundi cha wachoraji. Huku kuna mandhari za jangwa, tupu na tulivu. Kule turubai kubwa zisizofanana nazo hata kidogo. Na zipo picha zilizotiwa sahihi ya Ria Pratt, zinazoonyesha watoto wakiteswa na watu wazima. Hizo hazitazamiki kwa urahisi.

Aliyezichora zote ni mwanamke mmoja. Noble, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1960, hakusomea uchoraji popote. Mwaka 1995 madaktari walimtambua kuwa na tatizo la utambulisho kugawanyika: ndani ya mtu mmoja zinaishi nafsi kadhaa, kila moja na jina lake, umri wake na kumbukumbu zake. Kwake zimehesabiwa zaidi ya 20. Patricia, mchoraji wa yale majangwa, ndiye anayeendesha nyumba na aliyemlea binti yao. Yanayochorwa na Ria, Patricia anasema hayakumbuki.

Katika maisha ya kila siku, kinachowasumbua zaidi wenye hali hii ni muda kupotea. Mtu ameketi kunywa chai asubuhi. Anapozinduka ni alasiri, yuko kituo cha basi, na mkononi ana mfuko wa nguo ambazo hakumbuki kuzinunua. Mpita njia anamchangamkia kwa jina lisilo lake. Nyumbani anakuta barua iliyoandikwa kwa mwandiko asioutambua. Harufu fulani, au sauti ya mwanamume anayefoka, yatosha kumwita mwingine aje mbele.

Ndiyo maana wengi wao huwa hodari wa kuficha. Wenzake wakicheka, naye anacheka. Anauliza maswali ya kuzungukazunguka mpaka ajue jana alisema nini na alimwahidi nani. Waliokwisha kupata msaada huweka daftari la pamoja mezani, kila nafsi ikaandika ilichofanya: dawa imemezwa, kodi imelipwa, mtoto anafuatwa shuleni saa ngapi. Ni kazi ngumu, na mwenye kuifanya anastahili heshima.

Kwa walio wengi chanzo ni ukatili wa utotoni uliojirudia, mara nyingi mikononi mwa mtu wa nyumbani. Mtoto hawezi kukimbia wala kupigana, na anayemuumiza huenda ndiye anayemlisha. Akili yake huyatenga maumivu, ikampa mwingine wa ndani ayabebe ili yeye aweze kwenda shule kesho.

Inakadiriwa kuwa hali hii humpata takriban mtu 1 katika kila 100. Hata hivyo wengi huzunguka hospitali miaka 5 hadi 12 kabla ya kutambuliwa, wakiambiwa ni skizofrenia au sonona. Sinema nazo zimewatendea vibaya. Filamu ya Split ya mwaka 2016 ilimfanya mwenye hali hii kuwa mtekaji wa wasichana, ilhali anayekuwa hatarini zaidi ni mgonjwa mwenyewe: zaidi ya asilimia 70 ya wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua.

Wapo wataalamu wanaoshuku, wakisema baadhi ya nafsi huzalishwa na maswali ya mtibabu. Hoja hiyo isipuuzwe. Lakini ipo pia habari ya mgonjwa wa Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 2015. Baadhi ya nafsi zake zilikuwa vipofu, nyingine zinaona. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha mwitikio wa kuona pale tu nafsi zinazoona zilipokuwa mbele.

Msomaji wa Pwani hapa atawaza pepo na majini. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataja kupagawa, lakini unasema wazi kuwa kupandisha pepo ndani ya mila au ibada inayokubalika na jamii si ugonjwa. Ni mpaka wa haki. Wa kupelekwa kwa daktari ni yule anayeteseka, anayepoteza siku zake na ambaye maisha yamemshinda.

Dawa ya kuiondoa hali yenyewe haipo. Tiba ni mazungumzo ya miaka, yakianza na usalama wa mgonjwa kabla ya kugusa yaliyompata. Si lazima nafsi zote ziungane kuwa moja. Wapo wanaochagua kuishi kwa maelewano.

Mwaka 2019, mahakama ya Sydney, Australia, ilikubali nafsi za Jeni Haynes zitoe ushahidi dhidi ya baba yake, aliyemdhulumu kingono tangu utotoni. Wa kwanza kusimama alikuwa Symphony, msichana wa miaka 4. Ushahidi haukufika mbali. Baba akakiri makosa. Septemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 45.