Mgeni Huyu Usimpe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa mgeni wangu jembe usiku ule ule wa kwanza, nikajua kweli majuto ni mjukuu.

Mgeni mwenyewe alikuwa paka mdogo. Panya walikuwa wanatumalizia mahindi, basi likizo ya Aprili nyanya akatupa paka wa madoadoa. Nilimbeba katika gunia, na kufika tu nikamtia ghalani, nikafunga mlango. Si kazi yake ni panya? Aanze! Alilia usiku kucha. Asubuhi hayupo, alipenya chini ya mlango. Tulimtafuta siku tatu, wapi! Dadangu mdogo alilia hadi akakataa uji, nami sikuwa na la kumwambia, maana mlango niliufunga mimi.

Kumbe paka hutambua kwao kwa harufu. Akitengwa na mamake, harufu alizozizoea hupotea, naye huona adui kila pembe. Asipopata mahali pa kujificha, hutoroka.

Desemba nyanya alitupa mwingine. Safari hii nilifanya hivi:

Kwanza, nilingoja afikishe wiki nane, awe ameacha kunyonya. Nilimbeba katika katoni yenye matundu, ndani nikaweka kitambaa alicholalia na mamake.

Pili, nilimpa chumba kimoja tu, kwani nyumba nzima ingemtisha. Niliweka chakula na maji pembe moja, na karai la mchanga pembe nyingine, maana paka hapendi kujisaidia karibu na chakula. Alijificha uvunguni mwa kitanda. Watoto walitaka kumvuta, nikakataa katakata. Nilikaa sakafuni kimya nikisoma kitabu changu. Siku ya pili akachungulia. Ya tatu akaja mwenyewe kuninusa vidole.

Tatu, chakula. Wengi hukimbilia maziwa ya ng'ombe, lakini hayo huweza kumharisha. Mpe maji safi, na omena waliochemshwa bila chumvi au vipande vya nyama, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Akikataa kula siku nzima, usingoje; mwone daktari wa mifugo. Huyo ndiye pia atakayemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu. Naam, hata paka huugua ugonjwa huo.

Nne, hakutoka nje mpaka wiki ya tatu, alipokwisha kujua kwao ni wapi.

Leo ghalani huenda kwa miguu yake, hakuna anayemfungia. Dadangu amempa jina Karibu. Kila nikilisikia likiitwa namkumbuka yule wa kwanza, ambaye hakuna aliyemwambia neno hilo.

Ndugu msomaji, ukipata mgeni wa namna hii, jembe liache kwanza. Atalishika mwenyewe.