Viungo Juu ya Mwamba

Ukichimba nyuma ya nyumba yetu hapa Kikambala, jembe halifiki mbali. Shibiri moja tu, ngo! limegonga jiwe la matumbawe. Ndiyo maana matimbo ya mawe ya kujengea ni mengi huku kwetu. Fundi hufurahi, mkulima hulia.

Mwaka jana mamangu alinipa kipande nipande dania, pesa zake ziwe za chakula changu cha mchana shuleni. Nikamwaga mbegu, nikanyunyizia maji ya kisima asubuhi na jioni. Dania ikaota, ikageuka manjano, ikatoa maua kabla haijapita urefu wa kidole. Mama hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Kumbe dania ina mzizi mkuu mrefu unaotaka kwenda chini. Ukizuiwa na jiwe, na jua nalo ni kali, mmea huharakisha kutoa maua. Tena matumbawe ni chokaa, na chokaa ikizidi mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma. Majani hupauka huku mishipa yake ikibaki kijani. Na yale maji ya kisima? Tuko karibu na bahari, yana chumvi. Hapo hata mwalimu wa Kilimo sikumhitaji, ningeonja tu!

Nyanya ndiye aliyeniokoa. Tulipanga vigogo vya mnazi vikawa kama sanduku la kimo cha futi moja juu ya ardhi. Chini tukatandaza makumbi ya nazi tuliyoyaosha kwa maji ya mvua, maana makumbi hushika maji, nao mwamba wenye vitundu huyapitisha yote. Juu tukajaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha tukaezeka kivuli cha makuti.

Mle ndani nimepanda nanaa, ambayo mizizi yake hutambaa tu, na vitunguu vya majani. Rihani haikuhitaji mbegu: kata kijiti, kitie ndani ya gilasi ya maji, kikitoa mizizi kipande. Dania nimeipa pembe yenye udongo mwingi. Zile punje niliziviringisha kwanza chini ya chupa zipasuke, kwa sababu kila punje ina mbegu 2. Huota kati ya siku 7 na 14, basi usiifukue kuchungulia kama nilivyofanya mimi.

Nanaa nimeshauza mafungu 2 kwa jirani anayepika chai ya biashara. Dania yangu leo ina siku 9, na nyanya amenikataza kuigusa.