Mshale wa Jiwe: Ulivyotengenezwa na Hukumu Zake



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi, jioni moja baada ya darasa tuliwakuta vijana wetu wakirushiana mishale ya matete yenye misumari. Mmoja ulimparuza mwenzao juu kidogo ya jicho. Tulipokwisha kumfunga jeraha na kuwakemea, mdogo wao akauliza: "Ustadh, tungelimpata njiwa, ni halali kumla?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Mshale kabla ya chuma

Zamani ncha ya mshale, yaani chembe, ilikuwa jiwe, mfupa au mti uliochongwa. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wataalamu wamepata chembe za mawe wanazokadiria kuwa na miaka 64,000. Hapa Tanzania, vijiwe vidogo vyenye makali vimefukuliwa katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi. Na kusini mwa ziwa letu la Tanganyika, penye maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, zana za mawe zilichimbuliwa kuanzia miaka ya 1950. Wahadzabe wa Eyasi wangali wanawinda kwa upinde, ila chembe zao za chuma huzifua kwa kugonga misumari.

Namna ulivyotengenezwa

1. Chembe. Huchaguliwa jiwe gumu linalovunjika kama kioo. Hugongwa ukingoni kwa jiwe jingine, kikatoka kibanzi chembamba chenye makali. Upande wa nyuma hufanywa butu ili usikate kamba ya kufungia.

2. Kijiti cha mbele. Ni kijiti kifupi cha mti mgumu. Chembe hupachikwa kwenye mpasuko wake, ikagandishwa kwa utomvu uliopashwa moto na kuchanganywa na majivu, kisha ikafungwa kwa kano mbichi za mnyama. Kano zikikauka hukaza sana.

3. Wano. Ni tete jepesi, mfano wa haya yanayoota kando ya ziwa letu. Kijiti huchomekwa ndani ya tundu lake, na mdomo wa tete hufungwa ili usipasuke. Nyuma hufungwa manyoya ili mshale uende sawa.

Kwa nini vipande viwili? Kwanza, uzito hukaa mbele, na mshale hauyumbi. Pili, mshale huvunjika zaidi mbele. Basi mwindaji hubadili kijiti tu, wano lake likabaki. Huo ni werevu, si ujinga, tusiwadharau waliotutangulia.

Jibu la swali

Jiwe lenye makali linafaa. Imepokewa katika Bukhari kuwa kijakazi mmoja alimchinja kondoo aliyekuwa akifa kwa jiwe, na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Lakini kuna masharti:

(a) Mpigaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anaporusha.

(b) Ncha itoboe. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiy bin Hatim kuwa mnyama aliyeuawa kwa ubavu wa mshale haliwi, kwani amekufa kwa kipigo. Basi ndege aliyeuawa kwa kokoto ya manati haliwi pia, ila akikutwa hai akachinjwa.

(c) Akianguka majini akafa, aachwe, maana hatujui kilichomuua ni mshale au maji. Sisi watu wa ziwani tulizingatie sana hili.

Adabu zake

Kulenga shabaha ni mchezo uliopendwa na Mtume (s.a.w.). Hata hivyo alituamrisha tushike ncha za mishale tupitapo msikitini na sokoni, tusije tukamjeruhi Muislamu, na alikataza kukifanya shabaha kiumbe chenye roho. Tukumbuke pia kuwa kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Basi vijana wetu, anayetaka kujifunza alenge gunia la majani, mkubwa akiwapo, na wenzake wote wakae nyuma yake. Shabaha ikikosewa hurudiwa, bali jicho likitoboka halirudi.

Wabillahi tawfiq.