Mikrobe ya hospitali inatoka wapi?

Mutoto ana homa, unamupa vidonge vilivyobaki nyumbani. Homa inarudi. Hospitalini munganga anaona kwamba mikrobe imezoea dawa. Mwaka 2019 mikrobe za namna hii zilileta vifo milioni 1,27 duniani.

Imetoka wapi? Kitabu cha wagonjwa peke yake hakijibu. Ndiyo maana katika mwaka 2021 OMS ilitoa mpango wa kutafuta mikrobe moja, Escherichia coli isiyosikia dawa, pahali patatu kwa kipimo kimoja: kwa watu (damu ya wagonjwa, na wamama wenye mimba walio wazima), kwa kuku wa soko, na katika maji. Maji ya mto huchotwa kabla haujaingia mjini na kiisha kutoka. Hata ya machinjio hupimwa. Lakini kipimo kisichoandikwa siku na pahali hakiwezi kuunganishwa na kingine. Ni kazi bure.

Basi munganga akikuuliza unachota maji wapi, kisima ao mto, usizani anakuchunguza kama polisi. Umuambie pia dawa uliyonunua sokoni bila karatasi yake. Ukiwa na pakiti, uilete.