Bagete gani kwa chuma gani? Somo nililolipa na sitene ya lita 1000



Najua wengine mutashangaa: mtu wa agronomia anaandika juu ya kusude vyuma? Lakini mwenye analima siku hizi anahitaji chuma kila fasi: mlango wa depo, vyumba vya kuku, presi ya muhogo, stendi ya sitene. Stendi njo ilinifundisha haya.

Sisi watatu tunalima mboga kwa upande wa Mugunga. Kwa kuwa udongo wetu umelala juu ya mawe ya volkano, maji hayakai. Tukanunua sitene ya lita 1000, tukaipandisha juu ya stendi ya mita mbili ili maji yashuke yenyewe mpaka kwenye mistari ya sombe na nyanya. Munajua hesabu: lita 1000 ya maji ni kilo 1000. Tani moja inasimama juu ya miguu minne, na watoto wa majirani wanapenda kucheza chini juu ya kivuli.

Asubuhi moja nikakuta mguu mmoja umeinama. Fasi ya kuunga ilikuwa imefunguka kama bahasha. Tulifungua robine haraka, tukamwaga maji yote, hakuna aliyeumia. Lakini nilipoangalia ndani ya ule ufa, nikaona kutu na rangi ya zamani. Bagete ilikuwa imeyeyuka juu juu tu, haikuingia ndani ya chuma. Kumbe ile stendi ilikuwa imegandishwa kama na gundi.

Kosa halikuwa la suderi peke yake. Ni mimi nilienda Birere kununua bagete, na nilimwambia muuzaji neno moja tu: "Nipe bagete ya kusude." Ni kama mtu kuingia kwa duka ya pembejeo na kusema "nipe mbegu", bila kusema mbegu ya nini, ya udongo gani.

*Kusoma namba*

Kwenye karatoni, mara nyingi pia kwenye bagete yenyewe, kuna namba kama E6013 ama E7018. Mbili za kwanza zinaonyesha nguvu ya kuvutwa: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, karibu megapaskali 415. Namba ya tatu inasema unaweza kusude umekaa namna gani: 1 ni kila upande, hata juu ya kichwa, 2 ni kwa kazi yenye imelala. Ya mwisho inahusu unga ulio nje ya waya na aina ya umeme.

Kama karatoni ina maandishi ya Kichina, tafuta herufi J. J421 ni ndugu ya E6013. J506 ni ndugu ya E7016, yaani iko katika jamaa moja na 7018.

Sasa angalieni jambo moja. Chuma laini, ile ya kawaida ya kornyeri na tibi tunazonunua, ina nguvu ya karibu megapaskali 400. Kwa hiyo hata 6013 tayari inaipita. Njo maana swali "bagete gani iko na nguvu zaidi?" si swali la kwanza. Stendi yangu haikuvunjika sababu bagete ilikuwa dhaifu. Ilivunjika sababu bagete haikupatana na unene wa chuma wala na ile kutu.

*Jamaa tatu za kujua*

6013. Njo ile tunaonaka kila atelie. Inawaka bila kusumbua, inakubali transfo na inverta, mstari wake ni muzuri, gamba lake linatoka vizuri. Lakini haichimbi sana. Ni nzuri kwa tibi nyembamba, milango, madirisha, vitanda, kwa chuma safi. Kwa chuma nene inafaa pia, lakini lazima usafishe, na utumie bagete kubwa na umeme wa kutosha.

6010 na 6011. Unga wake una selulosi. Hizi zinachimba kwa nguvu na zinavumilia kutu kidogo, njo maana mafundi wa mabomba ya mafuta wanazipenda. Mstari wake una mawimbi na cheche ni nyingi. 6010 inataka umeme wa DC. 6011 inakubali hata transfo ya AC. Kwa tibi ya milimita 1.5, itakutobolea.

7018. Hii ni ya kazi nzito: nguzo, trela, mashini yenye inatikisika. Chuma chake kinajikunja bila kupasuka kwa urahisi. Lakini ina sharti: lazima iwe kavu. Karatoni ikifunguliwa, inatunzwa ndani ya tanuru ya digrii 120 mpaka 150. Ikishanyonya maji ya hewa, inaleta matundu ndani ya mstari, na kwa chuma nene haidrojeni inaweza kuleta ufa wenye unatokea baadaye, hata siku ya pili. Kuirudisha kunataka joto ya digrii zaidi ya 300. Kuianika kwa jua ama karibu na makala haitoshi. Tena transfo nyingi za mtaani hazina volti za kuiwasha vizuri.

Hapa kwetu, kando ya ziwa na mvua za kila mara, sharti hilo si la mchezo. 7018 yenye imelala wazi ndani ya atelie miezi miwili, mimi siiamini kuliko 6013 iliyo kavu.

*Unene na umeme*

Kwa chuma ya milimita 1.5 mpaka 2, tumia bagete ya 2 ama 2.5. Kwa milimita 3 mpaka 5, ya 2.5 ama 3.2. Kuanzia milimita 6, ya 3.2 ama 4. Kwa umeme, anza na ampea 30 mpaka 40 kwa kila milimita ya bagete: ya 2.5 itataka karibu 75 mpaka 100, ya 3.2 karibu 95 mpaka 130. Kisha jaribu kwenye kipande cha kutupa. Bagete ikinata kila mara, umeme ni mdogo. Ikichimba mifereji kando ya mstari, umeme umezidi.

Stendi yetu ilikuwa ya kornyeri ya milimita 5, na ilisudiwa na bagete ya 2.5 kwa umeme mdogo, juu ya rangi. Sasa munaelewa.

*Tulivyorudia*

Muuzaji alitaka kunipa 7018 kutoka karatoni yenye ilikuwa wazi. Nikakataa. Tukachukua 6013 ya 3.2, pakiti bado imefungwa. Tulisugua kila fasi ya kuunga mpaka chuma ikang'aa. Tulilaza stendi chini ili kusude ikiwa imelala, ampea karibu 110. Kila kona tukaongeza kibati cha pembetatu.

Mbele ya yote, nilimwomba suderi asude vipande viwili kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha tukavikunja kwa nyundo mpaka vikavunjika. Ndani tuliona chuma kimeyeyuka mpaka kwenye kona. Ilichukua dakika kumi. Kama ningefanya hivyo mara ya kwanza, nisingeandika haya.

Tulijaza maji kidogo kidogo, robo kila siku, tukikagua kila mguu. Watoto tuliwatenga na uzio.

Neno la mwisho kwa afya: kama chuma imepakwa zinki, ondoa ile zinki kwanza na ukae fasi ya upepo. Moshi wake unaleta homa usiku, na watu wanadhani ni malaria.

Kwa hiyo, ukienda kununua, usiseme tena "nipe bagete ya kusude". Sema unene wa chuma, sema kama ni safi, sema itabeba nini, sema mashini yako ni ya aina gani. Muuzaji asipojua kujibu, namba ya karatoni itakujibu. Lakini kusugua kutu, hakuna bagete yenye itakufanyia.