Bamia Katika Nchi ya Baridi

Akina mama kadhaa waliofuatana na waume zao bara wametuletea lalamiko moja: kwamba bamia, au mabenda kama wasemavyo wengi wa Mombasa, mboga ambayo huku kwetu humea hata kando ya kisima, huko Nairobi huwashinda. Mbegu huozea udongoni. Ile iliyobahatika kuchipua hufika urefu wa shibiri, majani yakageuka manjano, ikafa. Sokoni nako fungu ni ghali na halitoshi kitoweo cha nyumba yenye watoto watano. Matokeo yake ni watoto wanaokua wakiiona bamia kuwa chakula cha nyumbani kwa bibi, huionja wakija likizo na kuisukuma pembeni mwa sahani.

Tulivyolichunguza jambo hili, ila haiko katika mikono ya akina mama bali katika hesabu ya majira. Mtu wa Pwani amelelewa kupanda kwa masika. Mvua ya Aprili ikianguka, naye hutia mbegu, na hapatikani na dhara, kwa kuwa Mombasa hata katika kusi usiku haupoi sana chini ya nyuzi 20. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Huko masika hufuatwa na baridi, na usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12. Bamia haikuumbiwa hali hiyo. Ni jamaa ya mpamba, mmea wa nchi za jua. Abu al-Abbas al-Nabati, mwanachuoni wa mimea kutoka Andalusi, aliikuta ikilimwa Misri mapema katika karne ya 13. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu haioti, na ikikaa humo na unyevu huoza. Basi apandaye Aprili akiwa bara huukabidhi mche kwa baridi ungali mchanga.

Kwa hiyo huko bamia ifuate joto, isifuate mvua. Mbegu ziatikwe mwishoni mwa Septemba, ili mimea izae katika miezi ya kaskazi, ambapo Nairobi nayo hupata jua lake kali. Maji yakipungua hutekwa kwa ndoo, joto halitekwi.

Ganda la mbegu ni gumu, hivyo zilowekwe usiku mmoja katika maji ya vuguvugu. Asubuhi zitiwe mbili mbili katika vikombe vilivyokunjwa kwa gazeti kuukuu na kujazwa udongo laini wenye samadi iliyooza vyema. (Tafadhali lisiwe gazeti lenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, wala lisiwe jarida letu hili.) Vikombe vikae ndani, karibu na jiko, mpaka miche ichomoze, kisha vitolewe juani kila mchana na kurudishwa magharibi. Mche ukipata majani manne upandwe pamoja na kikombe chake, kwani mzizi mkuu wa bamia huzama chini sana na haupendi kuguswa. Aliyezoea kung'oa miche na kuihamisha kama mchicha ataipoteza.

Mahali bora ni mbele ya ukuta wa mawe unaopigwa na jua tangu asubuhi, maana jiwe hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, na pia huzuia upepo. Asiye na kiwanja atumie ndoo kuukuu zilizotobolewa chini. Kati ya mche na mche iachwe nafasi ya dhiraa moja. Maji yatiwe asubuhi, si jioni, ili udongo usilale ukiwa baridi. Miche kumi na miwili tunaona yatosha nyumba moja.

Kwa walio Limuru na kwingineko juu ya mita 2,000, tusiwafiche: bila ya kibanda cha plastiki taabu itazidi mavuno. Na kujenga kibanda kizima kwa ajili ya mboga moja, ilhali kuna karo ya kulipwa, sisi hatuoni kuwa ni busara. Wao wanunue, na wapande sukuma wiki, ambayo hupendezwa na baridi.

Pwani bamia huanza kuchumwa kabla ya miezi miwili kutimia. Bara subira iwe ndefu zaidi. Isipimwe kwa siku bali kwa kidole: ikifikia urefu wa kidole cha kati, na ncha yake ikavunjika kwa mlio, imefaa. Ichumwe kila baada ya siku mbili, maana mmea ukiachiwa tunda likakomaa hupunguza kuzaa. Mikono ifunikwe, kwani vinyweleo vyake huwasha.

Mche mmoja tu, ule uliostahimili kuliko wenzake, uachiwe matunda mawili matatu yakauke juu yake mpaka yapasuke. Mbegu zake zianikwe kivulini, zitiwe ndani ya chupa yenye kizibo, zingoje Septemba.